Zana Halisi Nambari 114

Nchi ninayoisimulia hapa siitaji jina. Si kwamba ninaogopa. Raia anayetaka kuliandika jina la nchi yetu nje ya barua rasmi hupaswa kuomba kibali, na ombi langu limekuwa likishughulikiwa kwa muda wa miaka minane sasa. Nimeambiwa linakwenda vizuri.

Ni nchi nzuri. Ina mvua za kutosha, ina wizara ishirini na saba, na ina wananchi wanaopenda mno kucheza dansi. Jambo hili la mwisho ndilo lililomkosesha raha Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Utaratibu. Jumamosi moja gari lake lilipita mbele ya ukumbi wa dansi, naye akawaona vijana wa sekondari na wa chuo kikuu wakicheza kwa furaha pasipo msimamizi yeyote. Aliteremsha kioo, akamwita kijana mmoja aliyekuwa akitokwa na jasho.

"Unafanya nini?"

"Nacheza muziki, mheshimiwa."

"Umesomea wapi?"

Kijana akacheka. Alidhani anataniwa.

Jumatatu yake Mheshimiwa alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu taifa hili limekuwa likifurahi kiholela. Serikali yenu sikivu imeiona furaha hiyo, imeisikitikia, na imeamua kuiwekea mtaala." Kuanzia muhula uliofuata, somo la Muziki Pendwa lingefundishwa tangu darasa la kwanza mpaka chuo kikuu, lingetahiniwa kila muhula, na mtu ambaye hajafaulu asingeruhusiwa kuupenda muziki huo hadharani.

Tulipiga makofi. Kupiga makofi kulikuwa hakujawekewa mtaala bado.

*

Aliyekabidhiwa somo hilo ni Daktari Pelagia Nungwana, mwanamke msomi kupita kiasi. Alikuwa ameandika tasnifu ya kurasa mia sita juu ya muziki wa dansi bila kuingia ukumbini hata mara moja, ili asiyaathiri matokeo ya utafiti. Makao yake yaliwekwa katika Shule ya Mfano ya Taifa, ambayo ndani ya ua mmoja ina madarasa yote, la kwanza hadi la chuo kikuu, ili wakaguzi wasichoke kutembea.

Mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha lugha, baada ya miaka thelathini na tisa ya kusahihisha insha. Nikaitwa tena niwe Mtunza Zana wa shule hiyo. Niliupokea wadhifa huo kwa moyo mkunjufu. Napenda kitu kikae mahali pake.

Kila mwalimu aliyepitia chuo katika nchi yetu anazijua daraja za zana za kufundishia. Maneno matupu ni ya mwisho. Picha ni afadhali. Kielelezo cha udongo ni bora kuliko picha. Juu ya vyote huketi zana halisi: ukitaka kufundisha chungwa, leta chungwa, ukitaka kufundisha chura, leta chura. Daktari Pelagia aliitisha kikao, akauliza ukitaka kufundisha wimbo unapaswa kuleta nini.

"Kanda," alisema mwalimu mmoja.

"Kanda ni picha ya sauti," alijibu Daktari. "Mlete aliyeutunga. Lakini akija kama mgeni, atakwenda zake. Akija kama mwalimu, ataomba likizo. Akiingia kama zana halisi, atakuwepo kila kipindi."

Hakuna aliyepinga. Kwa upande wa mbinu za ufundishaji, hoja ile haikuwa na kasoro.

*

Mzee Shomvi Lugendo aliletwa siku ya Jumatano, mwezi wa pili, akiwa na gitaa lake na kofia mpya. Ndiye mtunzi wa "Hidaya, Nifungulie", wimbo ambao katika nchi yetu hata wagonjwa mahututi wanaujua. Mwanamume amesimama nje ya nyumba yake, mvua inanyesha, anamwimbia mkewe:

*Hidaya, nifungulie, mvua yaninyea,*
*Nimerudi peke yangu, na gitaa limelowa,*
*Kama nimekukosea, nigombeze nikiwa ndani.*

Alidhani amealikwa kutumbuiza. Pale mapokezi aliwekewa karatasi, akatia sahihi akiamini ni daftari la wageni. Lilikuwa daftari la zana. Nilimwandika nambari 114, baada ya ramani ya dunia na kabla ya kiunzi cha mifupa, nikamwonyesha kitanda chake katika chumba cha zana.

"Dada mwalimu," aliniuliza vipindi vilipokwisha, "gari la kurudi ni saa ngapi?"

"Gari la kurudi wapi, mzee?"

"Nyumbani. Mke wangu ananingoja na chakula."

Nikamfunulia kanuni, nikamsomea polepole ili asikose hata nukta: zana ya serikali haitoki nje ya lango.

"Lakini mimi ni mtu!"

"Hilo halijakanushwa," nilimjibu.

Aliketi juu ya kitanda, akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Sikiliza, dada. Mwezi wa nane namwoza binti yangu, Mwantumu. Tangu ana miaka saba nimemwahidi kwamba siku ya harusi yake nitampigia mwenyewe wimbo wa mama yake. Mwanzo hadi mwisho, watu wacheze mpaka vumbi litimke. Sina kingine cha kumpa mtoto yule."

"Mwezi wa nane bado ni mbali," nilimfariji. Nikafunga mlango kwa ufunguo, kama nifanyavyo kwa ramani.

*

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha darasa la pili. Mzee Shomvi alipiga gitaa, na kabla hajafika kwenye neno la tatu mabega ya watoto yakaanza kutikisika.

"Simama!" Daktari Pelagia aliinua mkono. "Miguu inayocheza haiandiki."

Watoto wakaandika mara kumi, wakiwa wametulia tuli: *Kucheza ni mwitikio wa viungo vya mwili kwa mapigo yaliyopangwa.* Tangu siku hiyo utaratibu ukawa huo. Zana inaimba mstari mmoja, inaweka kiganja juu ya nyuzi, inanyamaza. Kisha maswali. Mstari mmoja, dakika arobaini. Sebene, yaani ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa huchangamka na watu huinuka vitini, ilihamishiwa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, kwa nadharia tu.

Wiki ya pili maofisa watatu waliingia darasani wamebeba mlango wa mbao. Wakausimamisha katikati ya chumba ndani ya fremu yake, mbele yake madawati na nyuma yake madawati. Mzee Shomvi aliukodolea macho.

"Huu mlango wangu."

"Ndio wenyewe," alisema Daktari kwa fahari. "Tungewezaje kufundisha kwa mlango wa kuigiza?"

"Sasa kwangu pamefungwa na nini?"

"Wizara imeacha hati ya kupokea."

Ufunguo wa mlango huo nao nikatundikiwa mimi shingoni.

Maana ya wimbo ilikuwa imekwisha kupitishwa na Baraza la Mawaziri. Mvua ni changamoto. Mlango ni fursa. Hidaya ni serikali. Swali la kama mlango ulikuwa umefungwa lilizua mjadala wa siku mbili barazani, mpaka ikaafikiwa kwamba katika nchi yetu fursa ziko wazi kwa wote. Hivyo mlango ulikuwa wazi, na mwanamume yule alikuwa hajaufuatilia. Mtahiniwa yeyote aliyeandika kuwa mlango umefungwa alipata sifuri, na mzazi wake aliandikiwa barua.

*

Zana hutoka katika daftari kwa njia mbili tu: iharibike, au ipandishwe cheo iwe mtumishi. Nilimweleza Mzee Shomvi kanuni hizo bila upendeleo.

Alijaribu kuharibika. Siku mbili nzima alipiga gitaa lililolegezwa nyuzi, sauti ikawa kama ya bati linaloburutwa. Daktari Pelagia alifurahi, akasema sasa inalingana zaidi na kitabu. Siku ya tatu akagoma kabisa kuimba. Tukamleta fundi wa samani, akamtazama kooni, akakaza skrubu za gitaa, akaandika kuwa tatizo ni vumbi.

Ikabaki kupandishwa cheo. Kwa hilo alipaswa kuufaulu mtihani wa Muziki Pendwa, nami nilikuwa msahihishaji. Karatasi yake ninayo hadi leo. *Hidaya ni nani?* Aliandika: "Mke wangu. Anauza vitumbua." Sifuri. *Kwa nini mhusika yuko nje?* "Nilichelewa kurudi, akakasirika, naye alikuwa na haki." Sifuri. *Eleza dhima ya mvua.* "Ilinilowesha." Sifuri. Alipata alama tisa kwa mia, zote za mwandiko. Nilimsikitikia kama ninavyomsikitikia mtahiniwa yeyote asiyezingatia swali.

"Dada," aliniambia akiwa ameishika karatasi ile kwa mikono miwili, "nifundishe."

Nilimfundisha kwa njia niliyofundishwa mimi: swali, jibu, rudia, ukikosea, anza upya. Kila siku baada ya vipindi tuliketi chumbani mwa zana, yeye kitandani, mimi kitini, kiunzi cha mifupa katikati yetu.

"Hidaya ni nani?"

"Hidaya ni ser..." Akashika tumbo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Dada, ungemwona mwenyewe! Serikali gani hiyo inayonuna siku tatu kwa sababu ya samaki aliyeungua?"

"Anza upya."

Mwezi wa nne alikuwa bado anacheka. Mwezi wa tano alitabasamu tu. Mwezi wa sita alinijibu kabla sijamaliza swali, huku akitazama ukutani. Mwezi wa saba akapata alama mia kwa mia, alama ambazo mtu yeyote nchini alikuwa hajazipata, Waziri akiwemo. Nilijivuna. Nilimpikia chai kwa mkono wangu.

Siku ya pili Daktari Pelagia alikuja na barua iliyofungwa utepe wa bendera. Akaisoma akiwa amesimama: kwa kuwa zana nambari 114 sasa inaimba na pia inatoa majibu sahihi yenyewe, imewekwa katika Daraja la Kwanza, na zana za daraja hilo ni urithi wa taifa, hazifutwi wala hazihamishwi.

"Kwa hiyo siendi?" aliuliza Mzee Shomvi.

"Umefaulu, mzee."

"Na ningeshindwa?"

"Ungerudia mwaka."

Aliinuka, akaufuta vumbi mkono wa kiunzi cha mifupa kwa kofia yake.

*

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi, Mwantumu alifika langoni. Ni msichana mrefu, ana macho ya baba yake, na hana haraka ya kuogopa watu. Makame, bawabu wetu, alimzuia kwa upole akaniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimekuja kumchukua baba."

"Fomu iko wapi?"

"Fomu ya kumchukua baba yangu?"

"Usishangae, mwanangu," alidakia Makame. "Mimi nikitaka kwenda msalani najaza mbili."

"Bibi, mama anatundika kanga mlangoni tangu mwezi wa pili," alisema Mwantumu. "Paka wa mtaa mzima wanaingia wapendavyo. Tumevumilia. Mlango kaeni nao. Baba nampataje?"

Nilifikiri. Kanuni inaruhusu zana kuazimwa, lakini na shule nyingine tu. Nikamwambia hivyo, naye akanitazama machoni.

"Shule ni kitu gani, bibi? Kisheria."

Swali zuri hunipendeza, nikalijibu. "Ni mkusanyiko wa watu wasiopungua thelathini, wenye ubao na kengele."

"Harusini watakuja mia mbili."

"Ubao je?"

"Nitauazima."

"Na kengele?"

"Ya baiskeli inafaa?"

"Sheria haitaji ukubwa."

Makame alianza kucheka, akajikohoza.

Hivyo Shule ya Muda ya Harusi ya Mwantumu ikaandikishwa, na ikaazimishwa zana nambari 114 pamoja na gitaa lake, siku ya Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, ikirudishwa katika hali ileile iliyotolewa, chini ya uangalizi wa Mtunza Zana. Nilipomsomea Mzee Shomvi hati hiyo alinishika mikono yote miwili. Siku zile tisa alikuwa akikung'uta kofia yake kila asubuhi.

*

Nyumba yao ni ya udongo iliyopakwa chokaa, na kanga ya maua mekundu ilikuwa ikipepea mahali palipokuwa na mlango. Nyuma ya viti vya maharusi waliusimamisha ubao. Watu walimwona akiingia, vigelegele vikapasua masikio. Mwanamke mnene mwenye unga kwenye viwiko alitoka jikoni, akasimama mbele yake, akamnyoosha ukosi wa shati. Nikajua huyo ndiye Hidaya.

"Umekonda," alisema hatimaye.

"Na wewe umenenepa," alijibu mumewe, naye akampiga kofi la begani, watu wakacheka.

Mzee Shomvi aliketi, akakaza nyuzi, akaanza. Jamani, vidole vile! Wazee waliinuka. Wanawake walijifunga kanga viunoni. Mwantumu alimshika mumewe mkono, akamvuta katikati ya uwanja.

*Hidaya, nifungulie, mvua yaninyea...*

Kiganja kikashuka juu ya nyuzi. Kimya.

"Mvua ni nini?" aliuliza Mzee Shomvi.

Wazee wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wa ukumbini. Lakini vijana, ambao sasa wote walikuwa wanafunzi wa somo lile, walisimama wima na kuinua mikono.

"Changamoto!" alijibu mmoja.

"Vizuri. Mpigieni makofi."

Wakapiga, mara tatu, kwa mpangilio.

"Baba," Mwantumu alisema, bado kamshika mumewe mkono, "piga tu."

"Napiga, mwanangu. Napiga." Akaanza tena. Mstari wa pili ukatoka, mtamu kama wa kwanza, na mwisho wake kiganja kikashuka. Alikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Akakiinua, akapiga, kikashuka. Mara ya nne watu waliokuwa wamesimama wakaanza kuketi, mmoja mmoja.

Hidaya akaja mpaka mbele ya kiti chake. "Shomvi. Achana na hao. Niimbie mimi. Mimi niko hapa."

Niliona midomo yake ikihangaika. Kisha sauti ikatoka, taratibu, kwa matamshi yasiyo na dosari:

"Hidaya ni nani? Jibu kwa sentensi kamili."

"Hidaya ni mimi," alisema mkewe.

"Si sahihi," alisema Mzee Shomvi, karibu kwa kunong'ona.

"Hidaya ni serikali!" vijana wakaitikia kwa sauti moja.

Hidaya alijifunika kanga kichwani, akaingia ndani. Alipopita kizingitini aligeuka ili aufunge mlango kwa nguvu, mkono ukashika hewa. Akasimama hivyo, mkono umenyooka, kisha akairudisha ile kanga ya maua mahali pake, akainyoosha ukingo vizuri.

"Bibi," Mwantumu aliniuliza, "mmemfanya nini baba yangu?"

"Amefaulu, mwanangu," nilimwambia. Ndilo jibu sahihi. Nimelipitia mara nyingi tangu siku hiyo, sioni kosa lake.

*

Saa kumi na moja na nusu Mzee Shomvi aliinuka kabla sijamkumbusha. Tukarudi mpaka shuleni. Kanuni inataka zana iliyoazimwa ikaguliwe ikiwa nje, mtunzaji akiwa ndani. Kwa hiyo nilipita mlango mdogo wa watumishi, nikafunga, nikaenda langoni na daftari langu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Alisimama upande wa pili wa nondo, gitaa limelowa.

"Dada, nifungulie."

"Bado dakika nne," nilisema. "Hati inasema saa kumi na mbili."

Akaegemeza paji la uso kwenye nondo. Kisha akaimba. Hakugusa gitaa. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuuliza swali, akaenda mpaka beti ambazo zilikuwa hazijasikika shuleni tangu somo lianzishwe, akaanza kuiiga sebene kwa mdomo wake mwenyewe, macho ameyafumba, maji yakimchuruzika kofiani. Ulikuwa wimbo wote, mwanzo hadi mwisho. Haukuwa na msikilizaji ila Makame na mimi. Saa kumi na mbili ilifika ikapita, nami nilingoja amalize.

Nikafungua. Akasema ahsante, akaenda mwenyewe chumbani mwa zana. Niliandika: *Imerudi. Nzima.* Ila mimi sifichi jambo katika daftari. Nikaongeza chini yake kwamba wakati wa wimbo huo mguu wa kulia wa Mtunza Zana ulicheza wenyewe, pasipo idhini, kwa muda wa dakika nne hivi.

Daktari Pelagia aliisoma taarifa hiyo kwa msisimko mkubwa. Alisema katika utafiti wake wote hakuwahi kupata mfano hai wa mwitikio wa viungo kwa mtu aliyestaafu, na kwamba darasa la pili lingefaidika sana. Makame amekabidhiwa funguo. Anazitunza vizuri, na kila jioni hufunga kwa uangalifu, kama nilivyomwelekeza.

Mimi ni nambari 116. Kitanda changu kiko upande wa pili wa kiunzi cha mifupa. Gari la kurudi sijaliulizia.